Mwalimu wa Komoni

Mwalimu alichelewa kila kipindi, na kila kipindi aliingia kana kwamba sisi ndio tuliowahi kwa makosa. Kabla ya kusema lolote alivua koti lake la kahawia, akaenda mpaka pembeni kilikosimama kiunzi cha mifupa cha somo la anatomia, akalitundika begani mwa kiunzi hicho.

“Nishikie hili, mwenzangu,” alikiambia.

Kisha akatugeukia. “Mulembe.”

Nasi tukaitikia mulembe, hata sisi ambao kwetu si Bungoma, maana bila hiyo salamu hakuanza kufundisha. Mara moja darasa lilinyamaza makusudi ili tuone atafanya nini. Alikaa juu ya meza, akakunja mikono, akatazama dirishani. Tulishindwa sisi.

Kozi yake haikuwa na ukumbi wake. Ilikuwa mojawapo ya zile kozi za jumla ambazo kila mwanafunzi wa chuo kikuu hulazimika kuzisoma, awe wa ualimu, wa kilimo au wa tiba. Sisi wanafunzi wa afya pale Kitale tulikuwa tukiziita komoni, na tulilitamka neno hilo kama mtu anayetaja mboga asiyoipenda. Muhula wa kwanza ilikuwa mawasiliano, wa pili ikawa mtu na jamii. Ziliwekwa popote palipobaki nafasi kwenye ratiba, ndiyo maana tulizisoma katika maabara ya anatomia, tukitazamwa na picha za misuli na matumbo. Waliotufundisha dawa na magonjwa waliitwa Daktari na Profesa. Yeye aliitwa Mwalimu wa Komoni, na aliposikia tunamwita hivyo alisema jina limemtosha vizuri mabegani.

Sijui alizaliwa wapi wala watu wa ukoo wake ni akina nani. Nilijua ana shamba la mahindi upande wa Naitiri, kwa sababu mvua za kwanza zikianza alifunga kipindi mapema bila haya. Nilijua koti lilitoka Suam, mpakani mwa Uganda, alikolinunua kwa mtu aliyemwapia kwamba ni la Ulaya. Alilisimulia hilo mwenyewe, akituonyesha bitana iliyochanika. Umri wake niliujua siku moja tu, kwa kuwa kazi yangu ilinilazimu kuuliza. Nitaifikia siku hiyo.

Kwanza niseme kwamba mimi ni mtu wa kuwaza. Nikituma ujumbe wa simu nausoma tena nikishautuma. Mtu asiponisalimu sokoni narudi nyumbani nikitafuta nilichomkosea. Nilipochaguliwa kusomea uafisa wa kliniki, jamaa zangu wa Kitale walifurahi sana kwa ajili ya binti yao, nami nikaanza kuhesabu njia ambazo mtu anaweza kufa kwa sababu yangu. Sikuogopa vitabu. Niliogopa ile dakika ambayo mgonjwa atakaa mbele yangu na mimi nitatakiwa kufungua mdomo.

Wenzangu wengi walikuwa na ujasiri wa kugawa. Kiprop, aliyekaa nyuma yangu, alisoma kitabu cha dawa chini ya meza wakati wa komoni.

“Kiprop,” Mwalimu alimwita siku moja, “hicho kitabu kinasemaje?”

“Kinasema juu ya malaria, Mwalimu.”

“Na kimesema mwenye malaria anaitwa nani?”

“Hapana.”

“Basi kifunge. Kitasubiri. Malaria haitaisha kabla ya saa sita.”

Alikuwa na maneno ya namna hiyo mengi, na mengine hayakuwa mazuri sana. Alipenda kusema kwamba mtihani ni wa Kiingereza lakini hakuna mtu aliyewahi kuumwa kwa Kiingereza. Kwa hiyo alifundisha kwa Kiingereza, kama kanuni inavyotaka, mpaka jambo likiwa zito. Hapo aliingia kwenye Kiswahili taratibu, na sisi tukajua kwamba sasa tuweke kalamu chini. Alisema mgonjwa anayejibu haraka amejibu swali lingine. Alisema ukikuta mgonjwa na mtu aliyemleta, umekuta wagonjwa wawili, ila mmoja hana faili. Hilo alilirudia mpaka Kiprop akawa analimalizia yeye, kwa sauti ya kumwigiza, na Mwalimu akamwacha.

Lakini asidhani mtu kwamba namchora malaika. Alitufundisha kusikiliza, naye alikuwa mkata maneno wa kwanza. Ungeanza, “Mwalimu, mimi nafikiri,” naye angekwambia ulichofikiri. Alituonya tusishike simu mbele ya mgonjwa, na yake ililia katikati ya somo, akaipokea, akabishana na mtu kuhusu bei ya mbolea huku sisi tukisikiliza pande zote mbili. Na alikuwa mwoga wa damu. Siku moja mhadhiri aliyemtangulia alikuwa bado anatuonyesha filamu ya mama akijifungua. Mwalimu akafungua mlango, akaona ukutani, akaufunga tena. Tulimkuta nje amekaa kwenye ngazi akitafuna tangawizi.

Tangawizi ndiyo ilikuwa hospitali yake. Kikohozi, tangawizi. Mgongo, tangawizi. Nekesa, rafiki yangu kutoka Bungoma ambaye hakuogopa mtu, alimwuliza, “Mwalimu, si wewe hufundisha watu wa hospitali? Mbona huendi?”

“Hospitali ni ya wagonjwa,” alijibu.

“Na wewe ukiwa mgonjwa?”

“Nitakuwa na shughuli.”

Tulicheka. Alijua mengi sana juu ya watu wanaougua, na juu ya ugonjwa hakutaka kujua kitu. Wakati ule niliona ni kichekesho tu.

Wageni aliotuletea pia hawakuwa wa kawaida. Badala ya madaktari alileta watu. Mmoja alikuwa mzee wa Kisikh mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini, ambaye familia yake imeuza misumari na mabati Kitale tangu zamani. Alikaa mbele yetu na kilemba chake cha rangi ya samawati, mikono juu ya magoti, nasi tukaambiwa tumwulize tunalotaka. Tulimwuliza anakula nini, anatembea kiasi gani, kwao kuna kisukari au hakuna. Alitujibu kwa Kiswahili cha dukani, kifupi na wazi. Kisha Nekesa akamwuliza, “Mzee, kwenu mtu akiugua sana, nani huambiwa kwanza?”

Mzee alifikiri. “Mke wangu alipougua, daktari aliambia mimi. Mimi nikaambia kaka yangu mkubwa. Kaka akaambia watoto. Sisi wote tulijua.”

“Na yeye mwenyewe?”

“Yeye aliambiwa na kijana wa duka la dawa,” mzee alisema. “Kijana alidhani mama anajua tayari.”

Hakuna aliyeandika. Mwalimu hakukata maneno siku ile. Alimmiminia mzee maji, akakaa kando yake wala hakutufafanulia chochote, na kipindi kikaishia hapo.

Zoezi lililonipata mimi lilikuwa la muhula wa pili. Mwalimu alipanga viti viwili, na meza iwe kitanda, kikawa chumba cha daktari. Nekesa awe mama mzee mgonjwa, Kiprop awe mwanamume aliyemleta, mimi niwe afisa wa kliniki. Aliwavuta wawili hao kando, akawanong’oneza kitu, akawaachia. Mimi nilikuwa nimejiandaa tangu jana yake. Nilikuwa na maswali ya tumbo, ya kifua, ya homa, yote kwa mpangilio.

Nekesa aliingia akijikokota. Kiprop alibaki mbali nyuma yake, amesimama upande. Nikaona pana kitu cha kusaidia.

“Karibu mama. Kaka, mshike mama umsaidie kupanda kitandani, halafu ukae hapa karibu naye tuongee.”

Kiprop, ambaye kuigiza hakukuwa kipaji chake, alimshika Nekesa mkono. Nusu ya darasa ikaguna. Nekesa akautoa mkono wake, akajifunika leso usoni, akageuka, akatoka nje ya maabara. Hakurudi. Tulimwona kupitia dirishani akivuka kiwanja kuelekea kantini.

“Mgonjwa ameenda,” Mwalimu alisema. “Nani atatwambia kwa nini?”

Mimi nilianza kupitia maswali yangu kichwani nione lipi lilikuwa baya. Sauti kutoka nyuma ikasema, “Huyo alikuwa mkwe wake, Mwalimu.”

Ndivyo alivyokuwa amewanong’oneza: Nekesa ni mama mkwe, Kiprop ni mume wa binti yake. Waliotoka Bungoma walikuwa wameshajua kwa namna tu Kiprop alivyosimama. Kwao mkwe humheshimu mkwe kwa kukaa mbali naye. Hawashikani mikono, hawakai kiti kimoja, na habari za mwili hazipiti katikati yao. Wengi siku hizi hawashiki sana hayo, lakini mwili ukidhoofika, Mwalimu alisema, mtu hurudi kwenye heshima aliyolelewa nayo.

“Lakini bana, si ni mgonjwa?” Kiprop alijitetea. “Mimi kwetu ningeshika tu.”

“Wewe ungeshika,” Mwalimu akamwambia. “Yeye angekubali kushikwa?” Halafu akaingia kwenye Kiswahili chake cha kalamu chini. “Si kila aliyemleta mgonjwa anaweza kuusikia ugonjwa wake. Kabla hujamwuliza mtu anaumwa wapi, muulize: huyu ni nani kwako? Hilo halimo katika vitabu vyenu vya dawa. Ndiyo maana mmeletewa mimi.”

Wengine walilisahau somo kabla ya chakula cha mchana. Mimi nililibeba wiki nzima. Si kwamba niliona haya. Ni kwamba niliona jinsi nilivyokuwa nimejiandaa na bado nikakosea, na nikajiuliza ni vitu vingapi vingine vya namna ile vinanisubiri, katika kila kabila, kila dini, kila nyumba kati ya Mlima Elgon na Bungoma. Nikaamua kuacha kozi. Nilimfuata Mwalimu kantini kumwambia, kwa sababu yeye tu ndiye niliyedhani hatapiga kelele. Alikuwa na chai na mandazi.

“Mimi sifai,” nilimwambia. “Nikimwona mgonjwa nitakuwa najiuliza maswali mpaka afe.”

“Maswali gani?”

“Yote. Kwa nini amekaa hivi. Kwa nini hanitazami. Kama nimemkosea. Kama anaogopa. Kama ameelewa.”

Alitafuna. Mara ile hakunikata.

“Hayo maswali unayojiuliza wewe,” alisema, “majibu yake anayo yeye. Sasa mbona unamnyima hayo maswali?”

Akanisukumia sahani ya mandazi.

“Kiprop nitamfundisha kujiuliza, na sijui kama nitaweza. Wewe unajiuliza tayari. Kilichobaki ni kutoa sauti. Kula.”

Nilikula. Sikuacha kozi. Sidai kwamba niliponywa pale kantini. Ujumbe wangu wa simu bado nausoma mara nyingi. Lakini tangu siku ile wasiwasi wangu ulipata kazi ya kufanya, na mtu mwenye wasiwasi atakwambia kwamba hiyo ni neema kubwa.

Nilipohitimu nilipangiwa mwaka wa mafunzo ya kazi katika hospitali moja upande wa Bungoma. Ya dawa niliyafungua vitabuni kila siku, maana husahaulika. Ya komoni sikuwa na pa kuyafungua, na ndiyo niliyoyatumia tangu mgonjwa wa kwanza asubuhi. Nilijifunza kusubiri salamu iishe. Nilijifunza kuuliza nani huambiwa kwanza. Mara kadhaa nilitaka kumwandikia Mwalimu kumshukuru, nikatunga maneno, nikayaona ni mengi, nikayafuta.

Kisha akaja mwenyewe.

Ilikuwa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, foleni ndefu. Aliingia amekonda, koti la kahawia likimpwaya. Nyuma yake alikuja mama mmoja wa makamo mwenye mkoba na kitambaa kichwani, akasimama mlangoni, nusu ndani nusu nje. Mwalimu aliniona, akakaa, akatabasamu.

“Mulembe,” alisema. “Kumbe ulikula yale mandazi.”

Nilifurahi kiasi cha kusahau kalamu iko wapi. Nilimwitikia, nikachukua faili, nikauliza umri wake, nikaandika. Nikauliza anasumbuliwa na nini.

“Tumbo,” alisema. “Kidogo tu. Nipe dawa niende, mahindi yananingoja.”

“Hakuli, daktari,” yule mama alisema kutoka mlangoni, akitazama sakafu. “Hata chai anaacha. Ati ni tumbo. Tumemwambia aje tangu zamani, anasema tangawizi, tangawizi.”

“Ni tumbo,” Mwalimu akarudia.

Nilimwuliza maswali ya tumbo naye akayajibu yote, haraka. Hakutapika. Hakuharisha. Chakula hakimchomi. Ilikuwa rahisi kuamini. Watu wengi huja na tumbo la namna hiyo, hupewa dawa ya vidonda, huenda. Tena huyu alikuwa Mwalimu wangu, na mbele ya Mwalimu nilitaka kuonekana najua. Kalamu ilishaanza kuandika dawa.

Ila kichwa changu hakiachi. Mbona amejibu haraka? Mbona amekaa ukingoni mwa kiti? Nilikuwa nimemwona kupitia dirishani akiwa kwenye foleni, bila kumtambua, mzee aliyeinuka kila mara kwenda choo cha nje na kurudi polepole. Na huyu mama mbona haingii? Humu ndani kuna kiti kitupu, na mkoba wake ni mzito.

Nikaweka kalamu chini.

“Mwalimu,” nilisema, “huyu ni nani kwako?”

Akakunja mikono, akatazama dirishani, kama siku ile tulipokataa kuitikia mulembe.

“Mke wa kijana wangu,” alisema.

Nikainuka, nikamwendea yule mama. “Mama, nisaidie jambo moja. Kaa pale kwenye benchi la maabara utushikie nafasi, maana nitamtuma huko. Nitakuita.”

“Asante, daktari,” alisema, na pumzi aliyoitoa ilikuwa ya mtu aliyetuliwa mzigo. Naye alikuwa akisubiri aondolewe. Nikafunga mlango.

Mwalimu alitazama viatu vyake. Kisha akaniambia, kwa Kiswahili, kwamba tumbo halina neno. Ni mkojo. Unatoka kwa shida, na tangu mahindi yalipopaliliwa unatoka na damu. Mke wake mwenyewe alikwisha kutangulia mbele ya haki. Kijana yuko Nairobi kazini. Aliyekuwepo wa kumleta hospitali ni huyu mke wa kijana, mtu mwema ambaye hukiweka chakula mezani na kuondoka, na mbele ya mama huyo Mwalimu angekufa na hilo neno mdomoni.

“Nimelifundisha hilo swali miaka mingi,” alisema. “Sikujua linavyosikika ukiwa upande huu wa meza.”

“Na nisingeuliza?”

“Ningeondoka na dawa ya tumbo. Ningekuwa na shughuli.”

Sitaeleza zaidi ugonjwa wake. Si wangu kuueleza. Nilimpa barua ya kwenda Eldoret kwa daktari bingwa, akaenda, akafanyiwa kilichotakiwa kufanywa, na hunipigia simu kulalamika kwamba amekatazwa kubeba mbolea. Walisema kule kwamba amekuja kwa wakati. Nilimwomba ruhusa ya kuandika haya. Alikubali, mradi nisimtaje jina na nieleze wazi kwamba alipotolewa damu hakuzimia. Hakuzimia. Alitazama ukuta.

Lakini siku ile kabla ya maabara ilikuwa lazima apimwe kwanza, na kipimo chenyewe si cha kumfurahisha mtu. Nilivaa glavu, nikasita, nikazivua.

“Mwalimu, ungependa akupime mwanamume?”

Alicheka kidogo, kwa mara ya kwanza. “Hilo sikuwafundisha. Hilo umeliongeza wewe.” Akafikiri kidogo. “Ndiyo. Tafuta mwanamume.”

Nikamwita mwenzangu wa chumba cha pili. Alipoingia, Mwalimu alisimama, akavua koti, akatazama pembeni mwa chumba, halafu pembe nyingine. Hapakuwa na msumari wala kiunzi cha kulitundikia. Akanigeukia, akaninyooshea.

“Nishikie hili, mwenzangu.”

Nikatoka nalo. Pale kwenye benchi la maabara yule mama alisogea akanipa nafasi, nami nikakaa, koti magotini, bitana bado imechanika palepale, linanuka moshi na tangawizi. Yeye alilitazama tu, hakuligusa koti la mkwe wake; mimi nikalishika, na sisi wawili tukautazama mlango.